Naomba Kazi ya Kumlea Mjukuu Wangu

Jumatatu, 9 Juni 2025. Mdandu.

Sakitu, ule umande ulioganda, imeunguza majani yote ya viazi. Vidole havikunji. Lakini naandika, maana nina hasira, na hasira inapasha mwili joto.

Hilari kapiga simu toka Makambako. Ni mwanangu wa pekee, ana miaka thelathini na minne, anasimamia ghala la mbao karibu na reli. Mkewe Eveline ni nesi, na likizo yake ya uzazi inaisha. Jumatatu tarehe 23 anarudi zahanati. Kwa hiyo wanatafuta dada wa kumlea mtoto.

Dada! Wakati bibi yupo, mzima wa afya, meno yote isipokuwa mawili!

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu kwamba siku hizi mgongo wangu hauumi kabisa. Akasema tumshukuru Mungu. Nikamwambia mahindi yameshavunwa, sina kazi yoyote mpaka mvua za Novemba. Akasema basi pumzika, mama. Nikamwambia ile mbeleko niliyombebea yeye bado ipo sandukuni, haina hata tundu. Akasema vitu vya zamani vilikuwa imara kweli. Na huyu nilimsomesha mpaka chuo!

Kuomba siombi. Ng'o. Nimwombe mtu niliyemfuta kamasi?

Ninajua kinachowasumbua. Eveline kalelewa kwa adabu huko Makete. Hawezi kumwambia mama mkwe wake fua nepi hizi, mtoto usimpe uji. Mfanyakazi unamwagiza, mama mkwe unampisha kiti. Haya! Basi nitakuwa mfanyakazi. Tena mwenye sifa, mwenye barua za kusifiwa toka nyumba za watu wenye uwezo. Nalea siku tatu nyumba hii, siku tatu nyumba ile, nakusanya barua zangu. Wenyewe watakuja Mdandu kunibembeleza.

Ila niharakishe. Mama yake Eveline, Zipora, naye ana mgongo wa kubebea. Mtoto tayari wamempa jina la mume wa Zipora, Gideoni. Jina wamechukua. Mtoto hawamchukui.

Jumatano, 11 Juni. Mdandu, nimetoka Njombe.

Nyumba ya kwanza: Mama Ronald, mwenye duka la vitenge Njombe mjini. Nilisikia kanisani kwamba binti yake kajifungua, na dada wao kaondoka na dereva wa lori la viazi. Nafasi hiyo! Nikavaa kitenge cha Pasaka, kilemba, viatu vya kufunika. Nikapiga hodi.

Tukasalimiana, kamwene, kamwene. Nikasema nimesikia kuna mtoto mchanga, nimekuja kusaidia kazi. Mama Ronald akashika kifua. Akasema jamani watu wa Mdandu wana upendo. Akanisogezea kiti karibu na jiko la mkaa. Akanifunika blanketi miguuni!

Nikainuka, nikashika ufagio. Akauchukua. Nikaushika tena. Tukavutana pale sebuleni, wanawake wazima wawili, yeye akisema hapana mama yangu, siwezi kukufagiza mtu wa umri wako, mimi nikisema niachie nifagie. Ufagio ukakatika.

Wakachinja kuku. Nilikwenda kulea, nikalelewa mimi! Mtoto mwenyewe nililetewa nimbariki. Nikamfanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, wakamrudisha chumbani. Nimerudi na kiroba cha parachichi na barua sina.

Nimetafakari njiani. Kasoro ni moja: urasmi. Ukienda mikono mitupu wanakuona mgeni. Ukienda na karatasi wanakuona mfanyakazi. Mara ya pili hawanipati.

Alhamisi, 12 Juni. Mdandu.

Nimemwita Mzee Kefa, jirani yangu. Aliwahi kuwa karani wa kijiji. Ana mwandiko mzuri, koti moja la suti, na mdomo usiochoka. Tumeandika maombi ya kazi.

Uzoefu: miaka thelathini na minne. Huo ni umri wa Hilari, na mimi mpaka leo sijaacha kumlea. Idadi ya watoto niliowalea: kumi na mmoja. Kefa akauliza kumi na mmoja wapi, yeye anamjua Hilari tu. Nikamwambia wengine kumi ni wale ninaowashika kanisani mama zao wakienda kukomunika. Akasema hiyo ni dakika tano. Nikamwambia wakilia, dakika tano ni nyingi, na wewe andika unachoambiwa. Lugha: Kiswahili, Kibena, na Kiingereza cha kumtuliza mtoto. Mdhamini: Kefa mwenyewe.

Kefa ana maswali ya kikarani. Eti barua rasmi lazima iwe na hiki, lazima iwe na kile. Nilikuwa naepua chai, nikawa namjibu tu ili amalize.

Juu ya bahasha tumeweka namba ya simu ya Hilari, Makambako. Kefa alishangaa. Hajui akili hiyo! Nataka watu wazito wa Njombe wampigie Hilari kumuulizia mama yake. Asikie kwa masikio yake kwamba natakiwa. Roho imuume.

Bahasha nimeifunga kwenye kitambaa cheupe cha mezani, chenye maua ya kushona kwa mkono, isipate vumbi. Kefa kasema atanisindikiza na koti atavaa. Kwa kweli safari hii tumekamilika.

Jumamosi, 14 Juni. Mdandu.

Ushindi! Ushindi mtupu!

Tumekwenda kwa Mzee Anderson, mnunuzi wa parachichi pale Njombe. Ni watu wa Mawengi, wamehamia mjini siku nyingi. Mke wa kijana wao ana mtoto wa miezi miwili na wanahitaji mtu. Njiani tulimuuliza njia binti mmoja mwenye trei ya mayai. Akaangalia koti la Kefa. Akaangalia kitambaa changu. Akauliza taratibu kama tumetoka Makambako. Nikasema ndiyo, kijana wangu yuko huko. Nusura mayai yaanguke! Akatuelekeza, akatangulia mbio. Kumbe ni binti yao, Hilda.

Mapokezi hayo! Watoto walifukuzwa nje. Mzee Anderson aliingia ndani na fulana, akatoka na tai. Dada yake, shangazi Hyasinta, aliitwa toka nyumba ya pili, akaja na khanga mpya yenye gundi ya dukani. Kefa akasimama, akashika barua kwa mikono miwili, akatoa hotuba. Kefa amepeleka barua nyingi za watu katika maisha yake na hotuba anayo moja tu. Akasema tumetembea, tumepita nyumba nyingi, lakini miguu imegomea hapa. Mzee Anderson naye akapokea kwa mikono miwili. Hakufungua! Akasema barua kama hii haifunguliwi na mtu mmoja, itamsubiri kaka yake mkubwa, Mzee Severini, atoke Mawengi, ukoo ukae, kisha tutapata majibu.

Halafu wakamwita Hilda. Akapiga magoti. Baba yake akamuuliza kama anawafahamu wageni hawa. Hilda akaangalia sakafu, akasema anawafahamu. Mama yake akapiga vigelegele. Na mimi nikapiga, nisionekane sina furaha.

Watu wa maana hawa! Wengine wanaajiri dada kwa simu, hata sura hawajaiona. Hawa wanaita ukoo mzima kwa ajili ya mlezi, na kila mtu wa nyumba anaulizwa kama anamfahamu! Laiti Eveline angeona.

Tukirudi Kefa akasema, Mama Hilari, mimi jambo hili naliona kama jambo jingine. Nikamwambia anyamaze asinitie gundu.

Jumatatu, 16 Juni. Mdandu.

Nimempigia Hilari. Nikamwambia kwa mbali tu kwamba kuna familia Njombe inanijadili kiukoo. Akasema vizuri mama. Hata hakuuliza inanijadili kwa lipi! Kisha akasema wamempata dada, anaitwa Beatha, ana miaka kumi na tisa, anafika Jumapili.

Beatha. Kumi na tisa. Huyo naye si anahitaji kulelewa?

Nikamwambia hongereni. Nikakata simu. Nikakaa jikoni nikalia kidogo, kwa moshi.

Halafu nikajifuta. Jumapili bado. Majibu ya Njombe yakifika kabla, Beatha ataisoma namba.

Alhamisi, 19 Juni. Mdandu.

Kimenuka.

Jana shangazi Hyasinta alipiga ile namba ya kwenye bahasha. Akamwambia Hilari ni mtu mzima wa Njombe, anataka kupita nyumbani kwake kuhusu barua aliyoleta mama yake. Hilari akamwelekeza, akadhani ni mambo ya jumuiya. Shangazi kafika Makambako. Kakagua bati. Kakagua choo. Kagonga ukuta kwa kidole. Kisha kamuuliza Eveline, aliyekuwa ananyonyesha, kama yeye ni dada wa bwana harusi.

Eveline kauliza bwana harusi gani.

Shangazi akajibu, Hilari, aliyemposa Hilda wetu. Mama yake mwenyewe kaleta barua, imefungwa kitambaa, na mshenga mwenye koti. Nimekuja kuona binti yetu atalala wapi.

Mungu wangu! Barua ya posa! Mimi!

Na Hilari ana ndoa ya kanisani, padri yuleyule aliyenibatizia yeye! Eveline hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Kakunja nguo za mtoto moja moja, kaweka kwenye begi, kauliza basi la Makete linaondoka saa ngapi.

Zipora kanipigia. Hakunisalimia. Kaniuliza, mkwe mwenzangu, mkwe mmoja hakutoshi? Kasema chumba cha Eveline na mtoto kipo tayari, kimefagiliwa. Kimefagiliwa! Upesi hivyo!

Hilari kapiga mara sita. Ile sauti sijaisikia tangu tulipomzika baba yake. Nikamwambia ilikuwa barua ya kazi tu. Akauliza kazi gani, ya nani. Nikamwambia mambo yangu. Mdomo ulikataa. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili na mdomo ukakataa.

Kefa kaja, kofia mkononi. Kasema alianza kushuku palepale kwenye vigelegele. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kasema nilimwambia anyamaze. Siku zote hanisikilizi, siku hiyo kanisikiliza!

Lakini mimi siyo wa kulala chini. Barua haijafunguliwa, Mzee Severini anafika Njombe kesho. Nimempigia Mzee Anderson. Kasema barua iliyopokelewa mbele ya watu itafunguliwa mbele ya watu, na wote wanaohusika waje. Hilari kamwomba Eveline asubiri mpaka Jumamosi asikie mwenyewe, akitaka kuondoka aondokee hapo. Eveline kakubali. Ila begi anakuja nalo.

Mtoto wa miezi mitatu. Akienda Makete, nitamwona Krismasi hadi Krismasi. Nimesali rozari nzima, na matendo ya uchungu nimerudia.

Jumamosi, 21 Juni. Makambako.

Tulikuwa sebuleni kwa Mzee Anderson. Mimi na Kefa kwenye benchi, hakuna aliyetupa chai. Eveline mlangoni, mtoto mgongoni, begi miguuni. Hilari kati yetu, hajui aangalie wapi. Hilda kavimba macho.

Mzee Severini ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Akafungua kitambaa. Akafungua bahasha. Akasoma kwa sauti ya kanisani: Yah, maombi ya kazi ya kulea mtoto.

Akageuza karatasi akaangalia nyuma, labda posa iko huko. Haikuwepo. Akaendelea. Uzoefu, miaka thelathini na minne. Watoto, kumi na mmoja. Hilari akauliza kumi na mmoja gani. Nikamwambia asikatishe wakubwa. Alipofika kwenye Kiingereza cha kumtuliza mtoto, shangazi Hyasinta alicheka mpaka akashuka kwenye kiti akakaa mkekani. Mama yake Hilda kajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Nilinyoosha shingo. Cheti changu kinasomwa, niiname kwa nini?

Kisha akafika chini. Sababu ya kuomba kazi.

Kefa huyu! Mimi naepua chai, yeye anaandika neno kwa neno! Mzee Severini akasoma: "Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Asubuhi nikisema kamwene, wanaoitikia ni kuku. Nina mjukuu Makambako, nimemshika mara mbili. Mkinipa uzoefu, labda na wao watanichukua."

Hapo hakucheka mtu. Mzee Severini akavua miwani akaifuta, na haikuwa chafu. Hilari kainama. Eveline katoka nje. Mafua hayo, Njombe Juni si mchezo. Mimi nilimkazia macho Kefa mpaka akahamia upande wa pili wa benchi.

Eveline akarudi. Akamfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mapajani. Ana joto huyu mtoto, kama kiazi kilichotoka kwenye majivu. Kanishika kidole. Eveline akapiga magoti, akasema, mama, Jumatatu naingia kazini saa moja na nusu asubuhi. Chumba cha stoo tutakitoa mbao leo. Alikuwa anaogopa kuniomba, eti nitaona ananifanya mtumishi. Akauliza kwa nini sikusema.

Nikamwambia wenye taaluma hawasemi, wanaandika.

Zipora kapigiwa simu palepale, kaambiwa. Nikachukua simu, nikamwambia kile chumba chake asikifagie tena. Beatha kaambiwa mapema, kwa Mzee Anderson wamemchukua yeye. Sikuvunjika moyo. Nyumba nyingine ingenipotezea muda.

Hilda peke yake kanuna. Kumbe alikuwa anasubiri watu wa Steven, kijana wake wa Makambako, mwaka wa pili huu. Lakini Steven kasikia kuna mtu kapeleka barua, kachanganyikiwa, wazazi wake wanakwenda kesho. Basi! Nani kamharakisha? Hakuna aliyenishukuru.

Njiani Hilari akaniambia, mama, kuanzia leo ukitaka kitu, sema kwa mdomo. Usipange. Sema. Kaniapisha. Nikaapa, kwa Bikira Maria, mbele ya Eveline na mtoto.

Kilichomshawishi Eveline nakijua. Kumi na mmoja. Tarakimu haibishaniwi.

Jumatatu, 23 Juni. Makambako.

Siku ya kwanza kazini.

Eveline kaondoka saa moja na dakika kumi. Maziwa kayakamua, kayaacha kwenye kikombe chenye mfuniko, maelekezo kayatoa mara tatu kwa adabu zote. Uji hapana. Maji hapana. Nilikubali yote. Malori yanapita barabarani siku nzima, nyumba inatetemeka, mtoto hana habari, kalala mgongoni kwangu. Asubuhi nilisema kamwene, akaitikia kwa cheche ya mate. Nimelia, na hapa hakuna moshi, wanapikia gesi.

Sasa Eveline karudi. Yuko jikoni, hatua sita kutoka hapa nilipokaa. Nina jambo dogo. Jumapili nataka kumpeleka mtoto Mdandu, wanawake wa jumuiya wamwone. Asubuhi kwenda, jioni kurudi. Na Eveline mwenyewe aje, akipenda.

Ningeweza kumwambia. Lakini nikiomba atanikubalia kwa huruma, na mimi si mtu wa kuhurumiwa. Nimefikiria njia bora. Kefa atapiga simu saa moja kamili, wakati wa chakula, kwa sauti nzito, ajifanye katibu wa parokia. Atasema kuna sensa ya wajukuu. Kila bibi afike Jumapili na wa kwake, bila kukosa, na mama wa mtoto aje kutia sahihi. Mpango hauna tundu. Kefa kasita kidogo, nimemwambia aandike maneno kwenye karatasi asije akatoa ile hotuba yake.

Eveline kachungulia toka jikoni, mwiko mkononi. Kaniuliza, mama, mbona umekaa kimya, kuna kitu unataka?

Nimemwambia hakuna, mwanangu. Sitaki kitu.